Jiwe Yenye Ilikuwa Nyuma ya Gari Yangu

Mu Butembo gari ya zamani haisimamake bila jiwe. Unafika fasi, unavuta frein à main, ile fimbo ya mukono kati ya biti bibili, inalia kra-kra-kra mpaka juu kabisa, na gari inaendelea tu kushuka pole pole kama mutu mwenye anaenda zake. Basi unabakia umekanyaga frein ya muguu, unatosha kichwa ku dirisha, unaita mwenye anapita: "Papa, nisaidie jiwe." Anakuletea, haulizi hata neno. Kila mutu anajua.

Mi nilikuwa na jiwe yangu mwenyewe. Bwana yangu njo aliichagua kule ku muto. Upande moja ilikuwa sawa kama sahani, upande ingine ilikuwa na mugongo, inaingia muzuri chini ya pneu, ile mupira ya gari. Wakati alikufa, aliniachia batoto, nyumba ya Mususa, gari, na ile jiwe mu coffre, kule nyuma ya gari. Napakiaka mboga, poireaux, mashu na birayi, ku Butembo, napeleka ku soko ya Beu kule Beni, narudia na ndizi na mafuta ya ngazi. Njo batoto banasoma. Gari ikitoka mu mikono yangu, masomo imeisha. Mi nilijua vile, na shemeki yangu alijua vile.

Shemeki ni mukubwa wa bwana yangu. Siku ya kuondoa matanga, batu bangali bananawa mikono, aliuliza funguo ya gari iko wapi. Hakuuliza batoto bamekula nini. Nilimujibu kama funguo iko mu kikwembe yangu, na iko imefungwa na fundo. Akacheka. Lakini kutoka ile siku alikuwa ananingojea nianguke.

Na nilianguka, siku ya yenga, mbele ya kanisa muzima.

Kanisa yetu iko ku mutelemuko. Ile siku tulikuwa na wageni, na bamama balikuja mapema kupika maharagi mu ile sufuria kubwa ya fête. Moto ilipasua figa moja. Mama mumoja wa korali akatoka ku barabara kutafuta ingine, akaona jiwe muzuri, sawa upande moja, iko nyuma ya pneu yangu. Aliangalia gari, akaona haitembei, akafikiri inasimama yenyewe. Alibeba jiwe, akaenda kuiweka chini ya sufuria.

Mi nilikuwa ndani naimba. Frein à main ilikuwa imevutwa, lakini ilikuwa kama kuvuta mukia ya ngombe mwenye hataki. Vitesse, ile gia, nayo ilikuwa inaruka yenyewe, siwezi kuitegemea. Gari ilivumilia mpaka mahubiri, kisha ikaanza safari. Haikugonga mutu, Mungu asifiwe. Iligonga pipa ya maji ya mvua yenye iko pembeni ya mulango, na maji yote ikaingia mu kanisa, ikafika mpaka ku biatu bya wageni kule mbele. Muhubiri akainua miguu, akaendelea kuhubiri.

Shemeki njo alitoka wa kwanza. Alizunguka gari, mikono nyuma, kama mutu anaangalia mbuzi ya kuuza. Batu bakakusanyika. Njo akasema, na sauti ya kusikiwa na wote:

"Munaona? Hata gari inajua kama mwenyewe hayiko."

Ile neno iliniingia mu mifupa. Alikuwa anataja mutu mwenye nilizika. Kisha akaniangalia, akaongeza: "Na weye, Mama Jiwe, ulisahau mutoto yako ya mugongo leo?"

Balicheka. Hata ule mama wa korali alicheka, na jiwe yangu ilikuwa chini ya maharagi yake. Yale maharagi nilikula, juu nilikuwa na njaa. Lakini sikucheka. Sufuria ikishuka, nilibeba jiwe yangu, nikairudisha mu coffre.

Nyuma ya ile siku famille ikakusanyika kwa muzee. Muzee ni mudogo wa baba mukwe wangu, njo anakataka maneno ya jamaa. Shemeki aliongea kwanza, na aliongea murefu. Kama gari ni ya ndugu yake. Kama muke hawezi kuilinda. Kama kesho itaponda mutoto wa mutu, na ni jina ya jamaa itaenda ku tribunal. Mi niliketi ku mukeka, mukono ku fundo ya kikwembe yangu.

Muzee akaniuliza, ananiita mwanamuke na Kinande: "Omukali, gari yako iko na frein ao hapana?"

"Iko nayo, muzee. Iko zaifu."

"Basi sikiliza. Ile gari ikitembea tena bila dereva, hata kidogo namna gani, funguo itaenda kwa shemeki yako. Yeye ataendesha, na atakupatia kitu ya batoto."

"Na kama haitembei?"

"Kama haitembei ni yako, na sitaki tena mutu aniletee hiyo maneno hapa."

Shemeki alipiga mikono. "Muzee, umemupatia mpaka siku ya mvua. Donc, ni kusema kesho."

Mangaribi, batoto bakiisha kula, nilifungua Zaburi. Kusoma nilijifunza nikiwa mutu mukubwa, mu masomo ya mangaribi, ku banc moja na bamama benye kunyonyesha. Kuko zaburi zenye Daudi anaambia Mungu bintu byote anatamani bifikie adui zake, mu meno na mu mifupa. Bachungaji hawazisome sana siku ya yenga. Mi nilizisoma zote. Sikuomba Mungu apige shemeki na ugonjwa, hapana. Niliomba anipatie nafasi ya kumukalisha pale alinikalisha, mbele ya batu balebale, na nione macho yake.

Kisha nikaenda ku gari.

Bwana yangu alikuwa na sanduku ya klé, byuma bya kufungulia gari. Nilitosha ile plastique yenye inafunika chini ya fimbo, nikaona kable na ékrou, ile nati, ku mwisho. Nilikaza. Nikavuta fimbo: ilikuwa nguvu, inakatala mapema. Nikakaza tena kidogo, juu ya kasirani. Nilifurahi sana. Nilifikiri, kumbe ni hii tu yenye banaume banajivunia.

Siku ya soko nikapakia, nikaenda Beni. Ku njia nilianza kusikia harufu, kama mutu amesahau chapati ku moto. Nikasema ni wale ba camion ya mbele. Ku barrière, mu kamutelemuko, musoda akanisimamisha, akainama ku pneu ya nyuma, akatosha mukono mbio.

"Mama, motuka ezali kozika," akasema na Lingala. Gari inaungua.

Nilielewa. Ile kukaza yangu ilikuwa inabana mapneu safari yote. Nikachukua klé, nikalegeza ékrou pale pale, na sasa frein à main ikakuwa bure kuliko mbele.

"Haya, mama, kita," akasema. "Shuka, leta documents."

"Chef, siwezi kushuka."

"Unakatala?"

"Sikatale. Nikishuka mi, na gari itashuka."

Aliniangalia, akaangalia gari, akaita mwenzake, na bakacheka mpaka silaha zinatingika ku mabega. Njo yeye mwenyewe akaenda kuleta jiwe. Nilishuka na documents na haya yangu, nikafika Beni na zote mbili.

Ku Beu kuko garagiste, fundi wa gari, mwenye muke yake ananunuaka poireaux kwangu. Ni mutu wa maneno mingi na wa kujisifu, na alikuwa anakula ndizi ya kuchoma. Nilimuelezea habari ya frein, ya barrière nikaificha. Akaingia chini ya gari, akatoka anacheka.

"Nani alikaza hapa?"

"Ni mie."

"Mama, ulivuta kamba, na mbuzi hayiko ku kamba."

"Sema vile nitaelewa."

"Kable ni kamba tu. Mwenye anashika pneu ni garnitures, bile byuma bibili byenye kukunjama, biko ndani ya tambour, ile ngoma ya chuma. Byako bimekulwa, biko mbali na ngoma. Unaanzia kule ndani, unabisogeza karibu. Kable inakuja ku mwisho. Weye ulianzia ku mwisho."

Alitaka kufanya. Nikasema hapana, mi nafanya, weye unaniambia.

"Utachafua kikwembe."

"Kikwembe inafuliwa."

Basi tukaanza. Tuliweka mawe mbele ya mapneu ya mbele, nikashusha fimbo kabisa, nikainua nyuma na cric. Nilitosha pneu, nikapiga ngoma na nyundo pole pole mpaka ikatoka. Ndani mulikuwa bumbi nyeusi. Akanikataza kuipuliza na kinywa, akanipatia kitambala yenye kulowana, nikapanguza. Pale nikaona garnitures, na katikati kaduara kadogo ka meno. Nilirudisha ngoma fasi yake, nikapitisha tournevis, ile bisibisi, mu katundu ka nyuma, nikasukuma jino moja moja. Kila mara nazungusha ngoma na mukono. Mwanzo ilikuwa inazunguka bure. Kisha nikasikia shhh, kama ufagio inagusa chini kidogo tu.

"Achia pale," akasema. "Ukizidisha, basoda batakucheka tena ku barrière."

Kumbe habari ilikuwa imemufikia mbele yangu.

Nilifanya upande ingine vilevile. Nikarudia ku fimbo, nikakaza ékrou, sasa bila kasirani. Nikavuta: ililia mara chache tu, ikakatala. Nikaenda nyuma kuzungusha mapneu: hakuna hata moja yenye ilikubali. Nikashusha fimbo: zikazunguka zote mbili bure, hakuna yenye inabanwa. Nilijikuta nacheka peke yangu, mikono nyeusi mpaka ku kiwiko.

"Sasa tuijaribu," nikasema.

"Wapi? Huku kwetu ni sawa kama meza. Utaijaribia kwenu ku milima."

Nikamuachia poireaux muzuri zaidi, nikasema wasingya, ile aksanti ya kwetu, nikarudi Butembo.

Kuko njia moja nyuma ya quartier yetu yenye hata moto, ile pikipiki, inapandaka na kulia. Nilienda pale asubui. Niliweka jiwe yangu chini, mbali kidogo na pneu, kama gari inatembea itaigusa. Nikavuta fimbo, nikaacha vitesse ku point mort, fasi haishike kitu, nikatosha muguu. Nikaimba wimbo ya Mungu muzima, na kurudilia zake. Nikashuka kuangalia. Kati ya jiwe na pneu, nafasi ilikuwa ileile.

Mutu mwingine angekimbia kwa muzee kumuambia. Mi sikuambia hata batoto. Niliendelea kutembea na jiwe mu coffre, na kila siku ya yenga, nikifika ku kanisa, naiweka nyuma ya pneu, na shemeki anasema: "Mama Jiwe, mutoto analala muzuri?" Najibu: "Analala, shemeki." Nilimuacha aongee. Nilitaka ashibe kwanza.

Nafasi ilikuja wakati mutoto wake alipata diplôme. Akaita famille yote na bamama ba kanisa. Parcelle yake, kiwanja na nyumba, iko chini kabisa ya mutelemuko, na alikuwa ametia portail mupya ya kijani, geti ya chuma, na mbele ya portail alipanga biti na meza chini ya bâche ya kivuli. Mi nilivaa libaya yenye nilivaaka ku ndoa. Jiwe nilitosha mu coffre, nikaiacha nyumbani.

Nilishuka na gari mpaka mbele ya portail, nikageuza, nikapanda kidogo, nikasimamisha pale juu. Mukia ya gari ilikuwa inaangalia meza yake sawa sawa. Nikavuta fimbo. Nikashuka, nikafunga mulango, nikaja natembea, mikono mitupu.

Shemeki akasimama, akaniambia:

"Shemeki, karibu. Jiwe iko wapi?"

"Jiwe gani?"

"Ya gari."

"Niliiacha nyumbani. Iko chini ya maharagi."

Mama wa korali akaziba kinywa na kikwembe. Mi nikaenda sawa kwa muzee, nikapiga magoti, nikamupatia funguo mu mukono, mbele ya wote.

"Muzee, ulisema gari ikitembea bila dereva, funguo ni ya shemeki. Basi funguo iko kwako. Ikitembea leo, haitakuwa mbali kuitafuta."

Muzee aliangalia funguo, akaangalia gari kule juu. "Omukali, uko na akili yako?"

"Niko nayo, muzee. Tukule."

Balileta mbuzi, bukari, sombe, ndizi, sucré ya chupa. Mi nilikula muzuri. Shemeki hakukula. Alikuwa anakata nyama, anainua, anaangalia gari, anarudisha nyama mu sahani. Alihamisha kiti yake pembeni. Muke yake akamuuliza: "Papa, nini inakukwama?" Akasema jua inamupiga mu macho. Jua haikukuwako, ile siku ilikuwa mawingu tu. Kisha akahamisha mutoto wa diplôme, akahamisha meza ya gâteau, ile keki ya fête, akasema hapa ni muzuri zaidi kwa photo. Bageni banahama na sahani mu mikono.

Mi nikajiongezea sombe.

Wakati ya maombi, macho yote imefungwa, mi nilifungua yangu. Mungu ananijua. Nikaona shemeki, na shati yake nyeupe, anapanda pole pole anabeba jiwe kubwa ku tumbo.

Nilingoja amen. Alikuwa anainama ku pneu yangu.

"Shemeki," nikaita, "umebeba nini?"

Batu bote bakageuka. Shati ilikuwa imekuwa ya udongo.

"Nasaidia tu," akasema.

"Ondosha. Muzee alisema gari isimame. Hakusema isimamishwe na jiwe yako."

"Anadanganya, muzee," akasema, na sauti yake ilikuwa juu. "Ameacha vitesse. Ni vitesse inashika, haiko frein."

Muzee akanyanyuka, akapanda, akamupatia funguo. "Fungua, uangalie weye mwenyewe."

Akafungua. Akashika fimbo ya vitesse, na ikacheza mu mukono yake kulia na kushoto kama kijiko mu kikombe tupu. Point mort. Alibakia anaishika, anaicheza tena, kama anafikiri itabadirika. Chini pale tulikuwa tunasikia tu ile chuma inagonga-gonga.

"Sasa isukume," muzee akasema.

"Muzee..."

"Si ulisema inatembea yenyewe? Isukume ishuke."

Alisukuma. Alienda mbele, akaweka bega ku capot, biatu byake bya fête binateleza mu udongo. Alisukuma mpaka mishipa ilitoka ku shingo, na kule chini ya gari kulikuwa portail yake mupya, na yeye mwenyewe njo alikuwa anaisukumia. Gari ilitingika juu ya ressorts, springi zake, ikabakia pale. Sikia vile nilisikia: ilikuwa tamu kuliko gâteau yao. Nilikumbuka pipa ya maji, nikakumbuka "mwenyewe hayiko", na nilimuacha asukume mpaka muzee alimuambia yatosha.

Muzee alichukua funguo, akashuka, akaiweka mu mukono yangu. "Ni ya huyu," akasema. "Neno imeisha." Kisha akamuuliza shemeki kama chai iko.

Ningeweza kwenda pale pale. Sikuenda. Nilikunywa chai, nikakunywa ya pili, nikauliza mutoto anataka kusoma nini ku université, nikasikiliza jibu yote. Gari ilibakia juu yao. Mama wa korali alikuja kuketi karibu yangu, akasema na sauti ya chini: "Dada, ile jiwe yako, si ungali unataka niirudishe..." Nikamuambia ilirudi zamani, na kama anataka figa, aje kuniuliza.

Wakati nilitoka, nilipita pembeni ya gari ya shemeki. Ni mupya kuliko yangu, na nyuma ya pneu yake kulikuwa kajiwe kadogo, kamejificha. Nikapanda mpaka ku gari yangu. Ile jiwe yake kubwa ilikuwa ingali pale aliiachia. Niliibeba na ile libaya yangu ya ndoa, nikashuka nayo, nikaiweka chini mbele ya miguu yake.

"Shemeki, umesahau mutoto yako."

Hapo njo famille yote ilicheka, na muke yake kupita wote.

Nikawasha. Nikatia vitesse ya kwanza, nikasikia gari inataka kupanda, nikashusha fimbo, na haikurudi nyuma hata kidogo. Mu rétroviseur, ile kioo ya kuangalia nyuma, nilimuona ameinama, anasukuma ile jiwe na muguu chini ya pneu yake mwenyewe, anaangalia huku na huku kama kuko mutu anamuona.

Nilimuombea, maana tumeamuriwa kuombea adui. Lakini ni kesho yake njo nilimuombea, nikiisha kupakia birayi ya Beni.